Nyuzi Ngapi? Kupasha Joto Mshono wa Chuma Kilichotiwa Maji na Kutempwa

Katika karakana nyingi, swali la joto ambalo mshono upewe baada ya kuchomelewa huwa na jibu moja lililokaririwa: nyuzi 600 hivi za Selsiasi, saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Jibu hilo halikuzuka tu. Kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) za vyombo vya shinikizo, sehemu ya VIII, zinataka chuma cha kaboni cha kawaida kipashwe angalau nyuzi 595, kwa saa moja kwa kila milimita 25 hadi unene wa milimita 50, kisha dakika 15 kwa kila milimita 25 zinazoongezeka. Bamba lililofinyangwa kwa roli na kuachwa lipoe hewani haliwezi kudhurika sana kwa moto wa namna hiyo, na fundi aliyezoea mabamba hayo huona kwamba kanuni ni ile ile kila siku. Tatizo huanza pale jibu hilo linapopelekwa kwenye chuma ambacho nguvu yake haikutokana na mchanganyiko wake peke yake, bali na moto wa mwisho kilioupitia kabla hakijatoka kiwandani.

Kiswahili kina usemi wa kale wa sehemu ya kwanza ya kazi hiyo: kutia chuma maji. Bamba hupashwa hadi nyuzi 900 hivi, ambapo atomi zake hubadili mpangilio na chuma kuwa kile kinachoitwa austenaiti, halafu hupozwa ghafla kwa maji. Kaboni iliyokuwa imeenea ndani yake haipati muda wa kutoka. Hunaswa pale pale ilipo, na chuma hugeuka kuwa martensaiti, ambayo ni ngumu mno lakini huvunjika kama kigae. Kwa sababu hiyo bamba hurudishwa motoni mara ya pili, safari hii chini ya kiwango cha kubadili mpangilio, kwa kawaida kati ya nyuzi 550 na 700 kwa mabamba mengi ya nguvu kubwa. Hatua hii ya pili ndiyo kutempa. Kaboni hupata nafasi ya kutoka polepole na kuungana na chuma chenyewe, au na kromi, molibdeni na vanadi, kuwa chembe ndogo sana za kabidi. Ugumu hushuka, na uwezo wa kuhimili kishindo hupanda. Bamba la A514, kwa namba ya ASTM (shirika la viwango la Marekani), ambalo hutumika kwenye mikono ya kreni na fremu za mitambo mizito, huhimili mkazo usiopungua megapaskali 690 kabla ya kuanza kunyooka, yaani kurefuka bila kurudi, kwa unene wa hadi milimita 65, na vipimo vyake vinadai litempwe kwa nyuzi zisizopungua 620. Moto wowote utakaofuata, uwe wa tanuru, wa mikeka ya umeme au wa tochi ya gesi, utakuwa ni mwendelezo wa kutempa kule kule, apende asipende anayeuwasha.

Sasa tazama yanayotokea mtu anapochomelea bamba la namna hii. Sehemu iliyo karibu kabisa na chuma kilichoyeyuka hufikia nyuzi zaidi ya 1,200, punje zake, yaani fuwele ndogo zinazokiunda chuma, hunenepa, kisha ubaridi wa bamba zima lililoizunguka huizima kwa kasi kama ilivyofanywa kiwandani, ila safari hii hakuna anayeirudisha motoni. Hapo hubaki martensaiti mbichi yenye punje kubwa. Milimita chache kutoka hapo, joto halikufika kiwango cha kubadili mpangilio lakini lilizidi nyuzi za kutempa, kwa hiyo hupita utepe mwembamba uliolainika kuliko bamba lenyewe. Na juu ya hayo yote kuna mikazo: mshono unapopoa hutaka kusinyaa, bamba linaukatalia, na wote wawili hubaki wamevutana kwa nguvu inayoweza kukaribia ile ambayo chuma huanza kunyooka nayo. Mshono mmoja, kwa hiyo, una sehemu ngumu kupita kiasi, sehemu laini kupita kiasi, na mvutano unaozipitia zote mbili.

Kupasha joto baada ya kuchomelea hutumwa kazi mbili hapo, na ni vizuri kutozichanganya. Ya kwanza ni kulegeza mikazo. Chuma cha moto kina nguvu ndogo, na mkazo hauwezi kuzidi nguvu iliyopo. Bamba linapofika nyuzi 600, mvutano uliofungwa ndani yake hujilegeza wenyewe kwa kunyooka kidogo kidogo. Kazi ya pili ni kuitempa ile martensaiti mbichi ya pembeni mwa mshono. Kazi zote mbili hudai joto jingi, nazo ndizo zinazoweka mpaka wa chini. Lakini hapa ndipo chuma kilichotempwa kinapokuwa na ukaidi wake: molibdeni na vanadi zilizotiwa ili kisilainike haraka wakati wa kutempwa ndizo hizo hizo zinazokifanya kisilegee haraka wakati mikazo inapotakiwa kuondoka. Chuma kinachoshika nguvu zake katika moto hushika na mikazo yake, kwa hiyo joto linalotosha kutuliza bamba la kawaida huenda lisitoshe kwake.

Mpaka wa juu huwekwa na cheti cha kiwanda, kinachotaja joto ambalo bamba lilitempwa. Desturi iliyoenea ni kwamba joto la baada ya kuchomelea libaki chini ya lile la kutempa kwa nyuzi 15 angalau, na wengi hupendelea 30. Kanuni ya D1.1 ya AWS (chama cha uchomeleaji cha Marekani) ya miundo ya chuma hurahisisha mambo kwa kusema kwamba vyuma vilivyotiwa maji na kutempwa visizidi nyuzi 600 wakati wa kulegeza mikazo, ilhali vyuma vingine huruhusiwa kufika hadi 650. Tatizo la desturi ya nyuzi 30 ni kwamba inahesabu joto na kusahau saa, na mimi naamini makosa mengi ya upande huu huzaliwa hapo. Chuma hakijui kama kimepashwa moto mkali kwa muda mfupi au moto wa wastani kwa muda mrefu. Kinachojulikana kwake ni umbali ambao atomi za kaboni zimepata kusafiri.

Mwaka 1945 J. H. Hollomon na L. D. Jaffe walitoa kipimo kinachounganisha vitu hivi viwili, ambacho hadi leo ndicho chombo bora cha kubebwa mfukoni: P = T × (20 + log t), ambapo T ni joto kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi kuongeza 273), t ni muda kwa saa, na log ni ya msingi wa kumi. Kupasha kuwili kwenye P sawa hufanya takriban kazi sawa ya kutempa. Tuchukue bamba lililotempwa kwa nyuzi 660 kwa saa mbili. P yake ni kama 18,940. Mtu akiliweka mshono wake kwenye nyuzi 645, yaani kwa kufuata kikamilifu desturi ya nyuzi 15, atafika kwenye P hiyo hiyo baada ya saa nne na robo hivi. Akishuka hadi nyuzi 620, itamchukua saa 16. Kwenye nyuzi 600 itamchukua karibu saa 50. Tofauti ya nyuzi 45 tu imeongeza muda salama zaidi ya mara kumi, na hiyo ndiyo sababu kushuka kidogo kwa joto ni bima nafuu kuliko kubana saa.

Mfano huo una mtego mwingine ndani yake. Mshono ukipashwa saa mbili kwenye nyuzi 645, picha za eksirei zikaonyesha kasoro, ukachimbwa, ukachomelewa upya na kupashwa tena saa mbili, bamba limeshapokea saa nne. Likifanyiwa ukarabati miaka kumi baadaye kwa masharti yale yale, kazi ya moto iliyofanywa nje ya kiwanda itakuwa imeipita ile iliyofanywa ndani, na nguvu zake zitakuwa zinashuka bila yeyote kuona mabadiliko kwa macho. Ndiyo maana mnunuzi makini hachukui cheti cha bamba kama lilivyotoka tanurini. Humwagiza mtengenezaji akate vipande vya majaribio, avipashe kwa jumla ya saa zote zinazotarajiwa, pamoja na za matengenezo yajayo, ndipo avivute na kuvipiga kishindo. Kiwango cha ASTM A20 kina nyongeza, S3, iliyoandikwa kwa ajili ya agizo hilo, na gharama yake haina ulinganisho na gharama ya kugundua baadaye kwamba chombo kizima kimelainika.

Nikumbushe kwamba ile 20 ndani ya kipimo ni makadirio, wala kipimo chenyewe hakitambui kabidi za aina gani zinazaliwa kwenye joto gani. Katika vyuma vyenye vanadi na molibdeni ya kutosha, kupasha kwenye nyuzi 550 hadi 600 huweza kuzalisha chembe mpya laini zinazoongeza ugumu badala ya kuupunguza. Fundi aliyeshusha joto kwa woga wa kulainisha bamba hujikuta ameupa ukanda wa pembeni mwa mshono ugumu ambao haukuwapo.

Hili linatuleta kwenye ufa unaozaliwa ndani ya tanuru lenyewe. Mshono umekaguliwa na kupita, umeingizwa motoni ili uwe salama zaidi, na umetoka umepasuka. Maelezo yake yanafuata moja kwa moja yale yaliyotangulia. Katika ukanda wenye punje kubwa, joto la kati ya nyuzi 500 na 650 hivi huzalisha kabidi ndani ya punje na kuzifanya ziwe ngumu. Wakati huo huo mikazo inataka kulegea, na kulegea ni kunyooka. Punje zinakataa kunyooka, kwa hiyo mzigo wote unaangukia mipaka iliyo kati yake, nayo hufunguka. Kuna kipimo cha Nakamura kinachojumlisha asilimia za vichocheo vya ufa huo: kromi, kuongeza molibdeni mara 3.3, kuongeza vanadi mara 8.1, kutoa 2. Jibu likizidi sifuri, chuma kiogopwe. Daraja F la A514 lina kromi kama 0.5, molibdeni 0.5 na vanadi 0.05, na hesabu yake inatoa zaidi ya 0.5. Ndugu yake wa vyombo vya shinikizo, A517, amepewa na ASME nafasi ya nyuzi 538 hadi 593, ambayo iko chini ya nyuzi za kutempa lakini iko katikati kabisa ya eneo la nyufa hizo. Ndiyo sababu watengenezaji wa mabamba ya jamii hii mara nyingi hushauri mshono wake usipashwe kabisa, isipokuwa pale kanuni inapolazimisha au vipimo vya chombo vinapodai. Kwa vyuma hivi, kutopasha ni uamuzi wa kiufundi wenye hoja kamili, mradi uchomeleaji wenyewe ufanywe kwa vijiti vya kuchomelea vikavu vyenye hidrojeni kidogo sana, kwa joto la awali (la kabla ya kuchomelea) linalofaa, na bila kumimina moto kupita kiasi.

Kuna mtego wa mwisho ambao haukai kwenye joto la kushikilia bali kwenye njia ya kurudi. Fosforasi, bati, antimoni na aseniki, hata zikiwa kidogo sana, huhamia kwenye mipaka ya punje chuma kinapokaa kati ya nyuzi 375 na 575 hivi, na kuifanya mipaka hiyo iachane kirahisi kikipigwa kishindo katika baridi. Bamba nene linaloachwa lipoe polepole ndani ya tanuru hupita eneo hilo kwa saa nyingi. Kwa chuma cha kawaida, ASME huweka kikomo cha kasi ya kupoa, isizidi nyuzi 280 kwa saa ikigawanywa kwa unene wa inchi, kwa sababu kupoa haraka hurudisha mikazo. Kwa chuma chenye nikeli asilimia 9, kinachojengewa matangi ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, agizo linageuka: kisipoe polepole kuliko nyuzi 167 kwa saa hadi kishuke chini ya 316. Anayehamisha ratiba ya kupoza kutoka chuma kimoja hadi kingine bila kuuliza sababu yake anaweza kukiharibu chuma cha pili kwa uangalifu ule ule uliokiokoa cha kwanza.

Sasa nije kwenye daraja la 91, maana hapo kanuni ya kubaki nyuzi 30 chini ya cheti huvunjika kabisa, na mtu aliyeikariri hupotea. Chuma hiki, chenye kromi asilimia 9, molibdeni asilimia 1, na vanadi, niobi na nitrojeni kidogo, kiliendelezwa Oak Ridge National Laboratory nchini Marekani katika miaka ya 1970, na leo hubeba mvuke wa moto sana katika mitambo ya umeme. Hupashwa nyuzi 1,040 hadi 1,080, hupoa hewani na bado huwa martensaiti, kisha hutempwa kati ya nyuzi 730 na 800. Ukanda wa pembeni mwa mshono wake huzidi 400 kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, nao ukiachwa hivyo katika unyevu huweza kupasuka hata kabla bomba halijaona mvuke. Kwa hiyo hapa hakuna hiari ya kutopasha. Ile kazi ya pili, ya kutempa martensaiti mbichi, ndiyo inayotawala, na haifanyiki ipasavyo chini ya nyuzi 730. Wengi hulenga 760 au karibu yake. Nafasi ya mshono na nafasi ya bomba zinakanyagana, na bomba lililotempwa kiwandani kwa nyuzi 740 litatempwa zaidi na mshono wake kuliko lilivyotempwa na aliyelitengeneza. Mnunuzi mwerevu huliangalia hilo anapoagiza bomba, si anapowasha mikeka ya moto.

Mpaka wa juu wa daraja la 91, basi, ni kiwango cha kubadili mpangilio chenyewe, ambacho wahandisi hukiandika Ac1. Kikivukwa, sehemu ya chuma hurudi kuwa austenaiti, na ikipoa hugeuka martensaiti mbichi tena, huku iliyosalia ikiwa imelainika kupita kiasi. Bomba hutoka motoni likiwa na magonjwa mawili kwa pamoja, na dawa ni kulipasha upya kuanzia nyuzi 1,040 au kuikata sehemu hiyo. Bomba lenyewe kwa kawaida hukaa salama hadi nyuzi 800 na kitu. Chuma cha kijiti cha kuchomelea kina habari yake: nikeli na manganisi, zinazotiwa ili mshono uhimili kishindo, hukishusha kiwango hicho, na jumla yao ikiwa kubwa huweza kukileta chini ya nyuzi 790. Kanuni za ASME za mabomba ya mitambo ya umeme hutofautisha kwa hesabu hiyo, zikiruhusu joto la juu zaidi jumla ikiwa ndogo. Cheti cha boksi la vijiti, ambacho karakana nyingi hukitupa pamoja na boksi, ndicho kinachoeleza mpaka wa juu uko wapi.

Jambo jingine la daraja hili ambalo ratiba nyingi hulisahau ni kwamba mshono lazima upoe kwanza, hadi chini ya nyuzi 100 hivi, kabla haujapashwa. Ukitolewa kwenye joto la awali la nyuzi 200 na kupelekwa moja kwa moja hadi 760, austenaiti iliyobaki haijapata kugeuka. Itapitia moto wote ikiwa austenaiti, na itakuwa martensaiti mbichi pale itakapopoa mwishoni, baada ya kila mtu kuamini kwamba kazi imekwisha.

Nafasi ikiwa finyu namna hii, upimaji hauwezi kuwa wa kubahatisha. Themokapo, yaani kipima joto cha nyaya mbili, hubanwa juu ya chuma chenyewe kwa kuchomelewa kwa cheche ya kapasita, si kufungwa kwa waya chini ya mkeka, maana iliyofungwa hivyo husoma joto la mkeka. Bomba lililolala hupata moto juu kuliko chini, na upande wa ndani, usioonekana, huwa na baridi kuliko wa nje. Namba moja kwenye ripoti haielezi mojawapo ya hayo.

Mwisho kuna vyuma ambavyo kwake mipaka miwili imepishana na nafasi haipo. Springi ya lori ina kaboni karibu asilimia 0.6 na hutempwa, kutegemea aina, kati ya nyuzi 400 na 550, ikabaki na ugumu wa zaidi ya Vickers 400. Ikichomelewa pale ilipokatika, ukanda wa pembeni mwa mshono huweza kupita Vickers 700. Moto wa kutosha kuutuliza ukanda huo na kuondoa mikazo ni ule ule unaolainisha springi. Moto usiolainisha springi hauondoi mikazo. Kila anayesafiri barabara za vumbi ameona springi iliyochomelewa ikikatika tena, kwa kawaida milimita chache kando ya mshono, na fundi akilaumiwa kwa kutoijaza vizuri. Mabamba ya kustahimili mkwaruzo, kama Hardox ya makasha ya kuchimbia, yako hali moja nayo: huanza kupoteza ugumu yakipashwa zaidi ya nyuzi 250, chini mno ya joto lolote linaloweza kulegeza mshono. Hayo huchomelewa kwa vijiti laini, yakipashwa kidogo kabla tu, na mshono ukiwekwa mbali na sehemu inayosuguliwa na mawe. Springi iliyokatika hununuliwa nyingine.